Kitabu cha Kidenmark, Kinywa cha Kiaisilandi: Mmisionari Kijana wa Kimormoni katika Visiwa vya Vestmannaeyjar, 1851–1854

Utangulizi

Historia ya lugha za Afrika Mashariki imetuzoesha kumfikiria mmisionari kuwa mgeni. Johann Ludwig Krapf anafika Mombasa mwaka 1844, anajifunza lugha ya watu aliowakuta, na mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili inachapishwa Tübingen. Edward Steere anapita njia hiyohiyo Unguja miaka michache baadaye. Kwa kuwa picha hii imekaa vizuri vichwani mwetu, swali tunaloliuliza huwa ni lilelile: je, mgeni yule aliimudu lugha ya wenyeji kwa kiasi gani?

Makala haya yanachunguza mfano ambao swali hilo halina kazi ndani yake. Vijana wawili waliopeleka imani ya Kimormoni katika kisiwa cha Heimaey, kusini mwa Aisilandi, mwaka 1851 hawakuwa na lugha ya kujifunza. Walizaliwa nayo. Kilichokuwa kigeni ni kitabu walichokibeba, nacho kilikuwa katika lugha ya mtawala. Hoja yangu ni kwamba mpishano huo, kati ya kinywa cha mwenyeji na kitabu cha mtawala, unaeleza sehemu kubwa ya yaliyowapata, pengine kubwa kuliko ile ambayo baridi, bahari na sheria vinaweza kueleza vyenyewe. Sidai kwamba lugha ilikuwa sababu pekee. Nitaonyesha mbele kwamba sivyo.

Visiwa vyenyewe

Vestmannaeyjar ni funguvisiwa lililo mkabala na pwani ya kusini ya Aisilandi, na Heimaey ndicho kisiwa pekee kinachokaliwa. Katikati ya karne ya 19 kilikuwa na wakazi takriban 400. Waliishi kwa samaki na ndege wa baharini. Msimu wa uvuvi ulikuwa miezi ileile mibaya ya mwisho wa majira ya baridi, nao walitoka kwa makasia katika mashua zisizo na sitaha. Wakati wa kiangazi wanaume waliteremka kwa kamba kwenye magenge kutafuta ndege na mayai. Miti haikuwapo. Jikoni palichomwa samadi iliyokaushwa na hata mabaki ya ndege walioliwa.

Msomaji wa Makete au Limuru anaijua baridi ya alfajiri, na huenda akashangaa kusikia kwamba wastani wa joto la Januari katika Heimaey huwa juu kidogo ya nyuzi sifuri. Ukali wa mahali pale uko kwenye upepo. Rasi ya kusini ya kisiwa hicho ni miongoni mwa mahali penye upepo mkali zaidi barani Ulaya. Desemba mwanga wa jua hudumu saa nne au tano tu. Kuvuka kutoka bara kulimaanisha kusubiri kwenye ufuko wa mchanga usio na bandari mpaka mawimbi yatulie, na siku za kusubiri zingeweza kuwa nyingi. Ujumbe wowote uliofika Heimaey, uwe wa serikali, wa biashara au wa dini, ulifika kwa ridhaa ya bahari.

Tusivione visiwa hivi kuwa pembe iliyosahauliwa na dunia. Mwaka 1627 maharamia kutoka Algiers walivivamia na kuwachukua watu zaidi ya mia mbili hadi Afrika Kaskazini. Wachache walikombolewa. Mmoja wao, Guðríður Símonardóttir, alipitia Copenhagen njiani kurudi, na huko alikutana na mume wake wa baadaye, mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuwafundisha upya waliokombolewa dini yao. Mwanafunzi huyo alikuwa Hallgrímur Pétursson, ambaye baadaye alitunga Passíusálmar, tenzi 50 za mateso ya Kristo zilizochapwa mwaka 1666. Tenzi hizo ziliimbwa au kusomwa nyumbani kila kipindi cha Kwaresima, kizazi baada ya kizazi. Nitairudia habari hii, kwa maana hapo ndipo mmisionari wetu alipogonga mwamba.

Mafundi wawili warudi nyumbani

Þórarinn Hafliðason na Guðmundur Guðmundsson walizaliwa mwaka 1825 katika eneo la kusini mwa Aisilandi. Wote wawili walikwenda Copenhagen kujifunza ufundi: Þórarinn useremala, Guðmundur usonara. Hilo halikuwa jambo la ajabu. Aisilandi ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, na kijana aliyetaka ufundi wenye cheti alilazimika kuifuata njia ya bahari hadi mji mkuu wa mtawala.

Walikuta mji uliokuwa umebadilika. Katiba ya Denmark ya tarehe 5 Juni 1849 ilikuwa imeruhusu uhuru wa dini. Mwaka mmoja baadaye Erastus Snow alifika kutoka Utah na wenzake, na Agosti 1850 walibatiza watu wao wa kwanza katika mlangobahari wa Øresund. Peter Olsen Hansen, baharia Mdenmark aliyejiunga na kanisa hilo Marekani, alikuwa akitafsiri Kitabu cha Mormoni. Tafsiri yake ilitoka Copenhagen mwaka 1851, nayo ilikuwa ya kwanza katika lugha isiyokuwa Kiingereza. Mwaka huohuo gazeti la *Skandinaviens Stjerne* lilianza kuchapwa. Kwa maneno mengine, seremala na sonara hawa waliingia katika imani ambayo ndiyo kwanza ilikuwa ikijifunza kusema lugha ya pili, na lugha hiyo haikuwa yao.

Walibatizwa mapema mwaka 1851, wakiwa na umri wa miaka ishirini na mitano au sita, na katika mwaka huohuo walirudi kuhubiri. Hawakuwa na fungu la fedha, nyumba ya misheni wala shule. Walikuwa na ufundi wao, jamaa zao, na machapisho ya Kidenmark.

Mwanzoni mambo yalielekea vizuri. Benedikt Hannesson na mkewe Ragnhildur Stefánsdóttir walibatizwa mwaka huohuo. Lakini kisiwa cha watu 400 hakina siri, na mchungaji wa Kilutheri aliandika habari kwa askofu Reykjavík. Þórarinn aliitwa mbele ya wakuu akapigwa marufuku kuhubiri na kubatiza. Sheria haikuwa upande wake, kwani uhuru wa dini uliotolewa Copenhagen mwaka 1849 haukuwa umefikishwa Aisilandi. Fundi yuleyule, raia wa mfalme yuleyule, aliruhusiwa kuzamishwa majini katika mji mkuu na akazuiwa kuzamisha wengine nyumbani kwake. Haukupita muda mrefu Þórarinn akafa maji baharini, kama walivyokufa wanaume wengi wa visiwa vile.

Guðmundur akabaki peke yake. Ni kipindi hiki, kati ya kifo cha mwenzake na mwaka 1853, ambacho naona kina uzito mkubwa kuliko vyote katika kisa hiki, ingawa vitabu hukipitia kwa sentensi mbili tatu. Kijana huyu alikuwa na waumini wa kuhesabika kwa vidole, na hakuwa na mkubwa wa kumwendea kwa ushauri isipokuwa kwa barua iliyopaswa kuvuka Atlantiki ya kaskazini. Tawi la kanisa halikuundwa mpaka Juni 1853, alipofika Johan Lorentzen, Mdenmark aliyekuwa na daraja la mzee. Tuliangalie jambo hili kwa makini. Aliyekuwa na lugha hakuwa na mamlaka ya kutosha. Mamlaka yalipofika, yalifika na mtu wa lugha ya Copenhagen.

Mwaka 1854 Guðmundur alirudi Denmark. Huko aliingizwa katika jeshi la mfalme, na hatimaye akafika Utah.

Lugha iliyokuwa na wenyewe

Kwa nini kitabu cha Kidenmark kiwe tatizo, ilhali Waaisilandi wengi walikuwa wakikielewa Kidenmark kwa kiasi fulani? Maofisa walikitumia na wafanyabiashara walikitumia. Jibu, kwa maoni yangu, limo katika mgawanyo wa kazi baina ya lugha hizo mbili.

Agano Jipya la Kiaisilandi, tafsiri ya Oddur Gottskálksson, lilichapwa mwaka 1540. Biblia nzima ilichapwa Hólar mwaka 1584. Kutoka hapo Kiaisilandi hakikuacha kuwa lugha ya ibada hata siku moja. Katikati ya karne ya 18 serikali na kanisa viliwaamuru wachungaji kuzuru nyumba na kupima usomaji wa watoto, na kijana asiyeweza kusoma hakupokelewa katika kipaimara. Kufikia karne ya 19 karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wa kusoma. Jioni za majira ya baridi watu wa nyumba walikaa pamoja wakisokota sufu, mmoja akisoma kwa sauti hadithi za kale, mahubiri ya Jón Vídalín, au tenzi za Hallgrímur. Kidenmark kilikuwa lugha ya hesabu za duka na ya barua za mkuu wa serikali. Mungu alikuwa akizungumziwa kwa Kiaisilandi.

Hivyo, mmisionari aliyesimama katika chumba cha namna hiyo hakukuta watu wasiojua kusoma wanaosubiri maandishi. Alikuta wasomaji wenye maktaba yao, tena wakali. Ikiwa alilitegemea andiko alilolileta, ilimbidi alifasiri papo kwa papo kutoka lugha ya duka hadi lugha ya sala. Hapa ufananisho na pwani yetu unakuja wenyewe. Krapf naye alifika mahali penye hati za kale: *Utendi wa Tambuka* ulikuwa umetungwa mwaka 1728, zaidi ya miaka mia moja kabla ya kufika kwake. Tabia yetu ya kuanza historia ya maandishi ya dini na siku ya kufika kwa mmisionari ni kosa la macho, liwe limefanywa Mombasa au Heimaey.

Chukueni neno moja tu. Katika mpangilio wa Wamormoni mwanamume wa kawaida, seremala au mvuvi, aweza kuwekewa mikono na kupewa daraja la kuhani. Kwa Kidenmark daraja hilo ni *præst*, na kwa Kiaisilandi neno lililo jirani kabisa ni *prestur*. Lakini *prestur* lilikuwa na mwenyewe. Lilikuwa jina la mchungaji wa parokia, mtu aliyesoma Kilatini, aliyepima usomaji wa watoto na kuandika vifo katika daftari. Seremala akijiita *prestur* mbele ya majirani waliomwona akikua, kinachosikika si fundisho jipya kuhusu ukuhani. Husikika kama utovu wa adabu, au kama mzaha. Mgeni angesamehewa kwa kudhaniwa kwamba hajui uzito wa neno. Mwenyeji hana udhuru huo. Katika semina zetu mara nyingi tunasema kwamba ujumbe ukipewa mwenyeji umemaliza nusu ya safari. Mfano huu unanifanya nisite. Umahiri wa lugha ulimwezesha Guðmundur kueleweka, na pia ulimnyima msamaha.

Kuna jambo la wakati pia. Kiangazi kilekile cha mwaka 1851 lilikutana Reykjavík Bunge la Taifa, ambamo wajumbe, wakiongozwa na Jón Sigurðsson, walipinga mpango wa serikali ya Denmark wa kuiingiza Aisilandi katika katiba yake. Kabla ya hapo jarida la *Fjölnir*, lililotoka kati ya mwaka 1835 na 1847, lilikuwa limeifanya lugha safi ya Kiaisilandi kuwa bendera ya uzalendo. Imani iliyofika mwaka huo ikiwa imefungwa katika karatasi za Copenhagen haikuwa na bahati na kalenda.

Sitaki kuupaka Udenmark rangi moja. Miaka minne tu kabla, mwaka 1847, daktari Mdenmark Peter Anton Schleisner alianzisha Heimaey nyumba ya kujifungulia, kwa kuwa pepopunda ilikuwa ikiua wengi wa watoto wachanga wa kisiwa katika siku zao za kwanza. Vifo hivyo vilipungua haraka. Watu waliokikataa kitabu cha Kidenmark walikuwa wameipokea tiba iliyoletwa na Mdenmark. Walichagua, na waliijua tofauti.

Mwaka 1879

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwa hoja ya lugha ulikuja robo karne baadaye. Þórður Diðriksson, aliyezaliwa mwaka 1828, alibatizwa katika visiwa vilevile akahamia Utah katikati ya miaka ya 1850. Aliishi Spanish Fork, ambako Waaisilandi wa kwanza walikuwa wamefika mwaka 1855. Aliporejea kwa utume mwishoni mwa miaka ya 1870 alifanya jambo ambalo Guðmundur hakuwa na uwezo wa kulifanya: aliandika. Kitabu chake, *Aðvörunar og sannleiksraust*, yaani sauti ya onyo na ya ukweli, kilichapwa Copenhagen mwaka 1879. Ndicho chapisho la kwanza la Kimormoni katika Kiaisilandi, na hakikuwa tafsiri ya andiko takatifu. Kilikuwa hoja za mtu wa Landeyjar akibishana na wasomaji wa Biblia kwa Biblia yao wenyewe, katika lugha yao ya jioni.

Kitabu hicho kilisomwa. Mmoja wa waliokisoma ni Eiríkur Ólafsson wa Brúnir, mkulima ambaye tayari alikuwa amechapisha kijitabu cha safari yake ya Denmark. Alihamia Utah mwaka 1881, akaandika juu ya safari hiyo pia, baadaye akaiacha imani hiyo na kurudi kwao. Halldór Laxness, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1955, aliyatumia maisha yake katika riwaya ya *Paradísarheimt* ya mwaka 1960, na humo mhusika aliyechotwa kwa Þórður anaitwa askofu. Laxness analichezea jina hilo kwa raha, na mcheko wake unatoka mahali palepale tulipoliona neno *prestur*.

Hata hivyo lazima niilegeze kamba. Kati ya Guðmundur na Þórður si lugha tu iliyobadilika. Katiba ya Aisilandi ya mwaka 1874 ilileta uhuru wa dini. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu: mlipuko wa volkano ya Askja mwaka 1875, barafu ya baharini, malisho mabaya. Waaisilandi kwa maelfu walikuwa wakihamia Amerika Kaskazini, wengi wao Kanada, na ni kama 400 tu walioelekea Utah hadi mwaka 1914. Mtu anayetaka kuondoka husikiliza kwa sikio jingine. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kitabu cha 1879 kilifaulu kwa sababu ya Kiaisilandi chake. Ninaloweza kusema ni kwamba kabla yake hapakuwa na kitu cha kusomwa jioni, na baada yake kilikuwapo.

Sauti inatufikiaje?

Jambo la mwisho ni la kimbinu, nalo linatugusa sisi moja kwa moja. Mengi ya yanayosimuliwa juu ya Guðmundur hupitia maandishi ya Andrew Jenson, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa mwanahistoria wa kanisa hilo Utah, ambaye historia yake ya misheni ya Skandinavia ilitoka mwaka 1927 kwa Kiingereza. Mwaisilandi aliyehubiri kwa Kiaisilandi kutoka kitabu cha Kidenmark anazungumza nasi kwa Kiingereza cha Marekani kilichoandikwa na Mdenmark. Maneno aliyoyachagua katika chumba kile cha Heimaey, iwapo alisema *prestur* au alilikwepa, yamechujwa mara mbili kabla ya kutufikia.

Sisi tuna watu wa aina yake. Mwaka 1864 Waafrika waliosomeshwa India, wale walioitwa Waafrika wa Bombay, walirudishwa katika pwani hii kumsaidia Johannes Rebmann. Miongoni mwao walikuwamo George David na Ishmael Semler. Walisimama kati ya misheni na wenyeji kwa miaka mingi, wakiwa si wageni wala wenyeji kamili. Katika kozi zetu za historia ya Kiswahili Krapf, Rebmann na Steere wana mihadhara yao. Nimepekua mihtasari kadhaa ya vyuo vya ukanda huu wakati wa kuandaa makala haya, na katika niliyoiona sikuwakuta David na Semler hata kwa sentensi moja. Kwa washauri wa sera walio katika mkutano huu ningeuliza swali la kazi zaidi: tunapowaajiri vijana wa kijijini kupeleka ujumbe wa chanjo au wa hatimiliki ya ardhi, kijitabu tunachowatia mkononi kimeandikwa katika lugha gani, na ni nani anayeachiwa mzigo wa kukifasiri papo kwa papo mbele ya shangazi zake?

Misheni ya Aisilandi ilifungwa mwaka 1914 na kufunguliwa tena mwaka 1975. Kitabu cha Mormoni kilitoka kwa Kiaisilandi mwaka 1981, miaka 130 baada ya kile cha Kidenmark. Cha Kiswahili kilitoka mwaka 2000. Katika Heimaey liko dimbwi la maji ya bahari ambamo waumini wa mwanzo walizamishwa katika ubatizo, na siku hizi pana ukumbusho wa mawe kando yake. Wenyeji wengi walikuwa Walutheri nao wakabaki Walutheri, lakini dimbwi waliliita *Mormónapollur*, kwa Kiaisilandi.